Mji wetu unataka kujenga intaneti yake wenyewe: niunge mkono au nipinge?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi na wanangu wawili katika mji mdogo wa Colorado. Hapa kampuni yenye intaneti ya kasi ya maana ni moja tu, ya kebo ya televisheni. Ile ya simu bado inatumia nyaya za shaba za zamani. Bili yangu ilianza dola 50, sasa imepita 90 na sijaongeza chochote. Baraza la mji linataka kukopa fedha kwa kuuza hati fungani lijenge mtandao wa mji wenyewe wa faiba, zile nyaya za kioo zinazopitisha intaneti kwa mwanga. Juzi nikakuta kipeperushi kwenye sanduku la barua: eti mji ukijiingiza kwenye biashara ya intaneti kodi itapanda na barabara zitabaki na mashimo. Wenzangu kanisani wamegawanyika. Nimeandikisha jina niseme kwenye kikao cha baraza. Nikaseme nini? Na hii habari ya serikali kuuza intaneti, si ni yale yale ya Posta na Simu tuliyoyakimbia kwetu?

JIBU: Dada yangu, ningekuwa mimi ningeunga mkono, ila nisingesimama mbele ya baraza nikatoa "ndiyo" tupu. Ningeuliza jambo moja na kuling'ang'ania: wateja wakiwa wachache kuliko walivyokadiriwa, deni hilo atalilipa nani? Miji iliyofanikiwa na miji iliyojuta imeachana njia hapo. Mabishano ya serikali na watu binafsi, soko huria na ujamaa, yanachangamsha kampeni lakini hayakusaidii kujua kama mradi wenu utasimama.

Tuanze na kipeperushi, maana kina historia yake huko huko Colorado. Mwaka 2005 bunge la jimbo lilipitisha sheria, maarufu kama SB 152, iliyozuia miji kutoa huduma ya intaneti mpaka wananchi wapige kura ya kuruhusu. Mji wa Longmont tayari ulikuwa na mzunguko wa faiba uliotandazwa na kampuni yake ya umeme miaka ya 1990, na sehemu kubwa ya faiba hiyo ikabaki imelala ardhini bila kazi. Mwaka 2009 walipiga kura, kampuni zikamwaga fedha kwenye matangazo, mji ukashindwa. Wakarudi tena mwaka 2011 wakashinda, kisha mwaka 2013 wakaidhinisha hati fungani za dola milioni 40 hivi. Fort Collins walipopiga kura yao mwaka 2017, kundi la wapinzani lililofadhiliwa hasa na chama cha kampuni za kebo lilitumia karibu dola 900,000 kuwaambia watu kwamba mji una mambo mengine ya kutangulizwa. Walioiunga mkono walikuwa na sehemu ndogo sana ya fedha hizo, na bado wakashinda. SB 152 ilifutwa mwaka 2023, wakati miji na kaunti zaidi ya 100 ilikwisha kujiondoa kwenye masharti yake kwa kura. Ndiyo maana mnazungumza habari ya deni moja kwa moja, bila kupigania kwanza ruhusa. Wenzenu wa majimbo mengine kadhaa bado wamefungwa mikono na sheria za namna hiyo.

Kampuni hizo zisingetumia karibu dola milioni moja kwenye mji mmoja kama zingeamini mradi utakufa wenyewe. Hilo lisikufanye udhani kila kilichoandikwa kwenye kipeperushi ni uongo. Kodi inaweza kupanda kweli. Nitakuonyesha ilipopanda.

Kwanza uelewe kwa nini mko na kampuni moja tu, maana wengi hudhani ni njama. Nakupa hesabu ya mfano, tarakimu ni zangu za kufundishia. Chukua mji wenye nyumba 10,000. Kupitisha faiba mbele ya kila nyumba, tuseme ni dola 1,200 kwa nyumba, yaani milioni 12 zimekwenda kabla hujapata mteja hata mmoja. Kuiingiza ndani ya nyumba ya aliyejiunga, dola 800 zaidi. Wakijiunga watu 4,000, kila mteja amekugharimu dola 3,800. Wakijiunga 2,000 tu, kila mmoja amekugharimu dola 6,800. Mtandao ni ule ule na nguzo ni zile zile, ila mzigo kwa kila mteja umekaribia kuwa maradufu. Sasa jiweke katika nafasi ya kampuni ya pili. Unajua kwamba ile iliyotangulia ilimaliza kulipia nyaya zake zamani, kwa hiyo siku utakayowasha mitambo inaweza kushusha bei na kukuachia wateja 2,000. Utaenda kujenga mji mkubwa zaidi. Hakuna sheria inayomkataza mshindani kuja kwenu, hesabu yenyewe ndiyo inayomfukuza, na aliyebaki peke yake hana sababu ya kukupunguzia bili.

Kuna na suala la nguzo, ambalo halizungumzwi sana kwenye vikao na ndilo linalochelewesha miradi mingi. Siku moja simama chini ya nguzo uangalie juu. Kileleni kuna nyaya za umeme. Chini yake pameachwa nafasi tupu ya mita moja hivi kwa usalama wa mafundi. Chini ya hapo ndipo zinapokaa nyaya za mawasiliano: kebo, na chini kabisa mara nyingi ule waya mnene wa simu. Mgeni akitaka kufunga wake, waliotangulia husogeza zao sentimita kadhaa kumpa nafasi, na kwa desturi ya zamani kila kampuni ilileta mafundi wake, kwa zamu yake, kwa wakati wake. Yaani unamwomba mshindani wako akupishe! Anaweza asikatae kamwe, akawa tu na shughuli nyingi. Nashville walipitisha kanuni mwaka 2016 ili fundi mmoja asogeze nyaya zote kwa safari moja. AT&T na Comcast wakaenda mahakamani, na mwaka uliofuata jaji wa shirikisho akaifuta. Mwaka 2018 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ikaweka kanuni inayofanana na hiyo kwa nguzo zilizo chini ya mamlaka yake, lakini mwenye nguzo zake mwenyewe bado yuko mbele sana.

Ndipo umeme unapoingia. Kama mji wenu unamiliki kampuni ya umeme, una nguzo, una magari yenye ngazi, una mafundi wanaoamka usiku wa dhoruba, una jina na anwani ya kila mteja, na una sababu ya kutaka faiba hata kama hakuna atakayenunua intaneti. Mfano unaotajwa kila mahali ni Chattanooga, Tennessee, na unatajwa kwa haki. EPB, shirika la umeme la mji huo lililoanzishwa mwaka 1935, lilitaka laini zake za umeme ziwe na swichi zinazojiendesha: mti ukiangukia waya, swichi zinaitenga sehemu iliyoharibika na kuupitisha umeme njia nyingine. Swichi hizo lazima ziwasiliane, na njia ya mawasiliano ikawa faiba. Fedha zilitoka kwenye hati fungani za dola milioni 220 hivi, pamoja na ruzuku ya dola milioni 111.5 ya serikali kuu baada ya mtikisiko wa uchumi. Mwaka 2010 wakatangaza intaneti ya kasi ya gigabiti moja kwa sekunde kwa kila mteja wa eneo lao, kabla ya mji mwingine wowote Marekani kufanya hivyo kwa eneo lake zima. Bei ilikuwa dola 350 kwa mwezi, ya kuchekesha, nani angeinunua? Miaka mitatu baadaye ilikuwa chini ya dola 70. Shule zilipofungwa mwaka 2020, EPB na shule za kaunti ya Hamilton, pamoja na wafadhili, walianza kuwaunganisha bure wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo, mpango uliolenga watoto wapatao 28,000.

Watu wakiisimulia Chattanooga huisahau ile ruzuku. Mji wenu hautapewa dola milioni 111, kwa hiyo mtu akisimama kikaoni akasema "Chattanooga waliweza, na sisi tutaweza", mwulize ruzuku iko wapi. Huisahau pia sheria ya Tennessee inayokataza fedha za umeme kuitegemeza intaneti: vitabu vya hesabu vimetenganishwa, kitengo cha intaneti kinalipia kinachotumia. Kampuni za kebo ndizo zilizotaka masharti ya namna hiyo ili kuwabana, na kwa maoni yangu masharti hayo yaliwalinda wananchi. Sharti lililoumiza ni jingine: EPB haiwezi kutoa intaneti nje ya eneo lake la umeme. Kuna watu wanaoishi ng'ambo tu ya mpaka huo wakiomba huduma kwa miaka. FCC ilijaribu kuliondoa sharti hilo mwaka 2015, mahakama ya rufaa ikaitengua FCC mwaka 2016.

Sasa walioumia. Provo, Utah, walikopa dola milioni 39 wakajenga mtandao walioupa jina iProvo. Sheria ya jimbo lao iliuzuia mji kumuuzia mwananchi moja kwa moja, kwa hiyo wakawa wanazikodishia kampuni ndogo ndogo, na wateja hawakutosha kulipa deni. Mwaka 2008 wakamuuzia mwekezaji, mwekezaji akashindwa malipo, mtandao ukarudi mikononi mwa mji. Mwaka 2013 wakaiuzia Google kwa dola moja. Ndiyo, dola moja. Deni lilibaki kwa wananchi: kila nyumba ilikatwa dola 5.35 kwa mwezi kwenye bili ya umeme, atumie mtandao huo asitumie. Na Provo wana kampuni yao ya umeme, kwa hiyo umeme peke yake haukuwaokoa.

Burlington, Vermont, ni kisa kinachoniudhi zaidi, maana pale hapakuwa na bahati mbaya tu, palikuwa na usiri. Mtandao ulipoanza kukosa fedha, viongozi walichota dola milioni 17 hivi kwenye mfuko wa pamoja wa mji, kinyume na masharti ya kibali walichopewa na jimbo, na wananchi wakaja kujua baadaye. Hadhi ya mji ya kukopesheka ikashuka, benki ya Citibank, iliyokuwa ikiudai mtandao huo, ikadai zaidi ya dola milioni 33 mahakamani, na mwisho mtandao ukauzwa kwa kampuni binafsi.

Wapinzani watavitaja visa hivyo viwili kikaoni, usishtuke. Kampuni binafsi nazo huanguka. Google hiyo hiyo iliingia Louisville, Kentucky, mwaka 2017, ikazika nyaya kwenye mifereji midogo mno barabarani, nyaya zikaanza kutokeza juu ya lami, na mwaka 2019 ikafunga virago na kuulipa mji dola milioni 3.84 za kurekebisha barabara. Tofauti ni kwamba hasara ile kubwa iliangukia wanahisa wa Google. Ya Provo iliangukia bili ya umeme ya mama mwenye nyumba. Tofauti hiyo ni ya kweli, na mtu anayeuunga mkono mradi aikiri mapema kabla hajalazimishwa.

Longmont je? Walikuwa na umeme wao, walikuwa na ule mzunguko wa faiba wa zamani, na walikuwa na wazo la busara kwenye bei: waliojiunga mapema mtandao ulipofika mtaani kwao walipewa gigabiti moja kwa dola 49.95 kwa mwezi, kama wateja waasisi, na bei hiyo ikaahidiwa kudumu. Watu walikimbilia. Wateja wakavuka makadirio, wakapita nusu ya nyumba. Rudi kwenye hesabu yangu ya juu uone maana yake: kila nyumba iliyojiunga mapema ilipunguza mzigo wa jirani. Fort Collins, majirani zao, walikuwa na umeme wao pia, lakini ujenzi ulichelewa kuliko ratiba na watu walikaa wakisubiri huku fedha zikienda. Kwa hiyo hata ndani ya Colorado usitegemee mji wa pili utafanana na wa kwanza.

Umeuliza kuhusu Posta na Simu. Nakuelewa kabisa. Mtu aliyesubiri laini ya simu kwa miaka, na kulazimika kumjua mtu ili aipate, hana hamu ya kusikia neno "serikali" karibu na neno "mawasiliano". Lakini kilichotuumiza kule kilikuwa ukiritimba wa kisheria: shirika lilikuwa peke yake kwa amri, na ukichukia huduma yake huna pa kwenda. Mtandao wa mji wenu unaingia ukiwa mgeni, na yule wa kebo yupo pale pale. Ukikuchukiza, unarudi kwa kebo. Anayefanana zaidi na Posta na Simu katika mji wenu leo ni yule anayekutumia bili ya dola 90. Na shirika la umma kumiliki faiba si ajabu hata kwetu: Kenya Power hukodishia kampuni za mawasiliano faiba zilizo kwenye laini zake za umeme.

Kama bado una wasiwasi na mji kuwa muuzaji, ipo njia ya katikati ambayo ningependa baraza lenu liijadili. Stockholm, mwaka 1994, mji ulianzisha kampuni yake iitwayo Stokab. Inatandaza faiba na kumkodishia yeyote anayetaka, kwa masharti sawa, na haimuuzii intaneti mwananchi hata mmoja. Ni kama soko la manispaa: mji unajenga vizimba na paa, wachuuzi wanalipa kodi ya kizimba, kisha wanagombea wateja wenyewe. Mji mdogo wa Ammon, Idaho, umefanya jambo la karibu na hilo, mteja anabadilisha kampuni kupitia tovuti bila fundi kuja nyumbani. Mfumo huu hauhitaji mji ujifunze kuuza vifurushi na kupokea simu za malalamiko usiku. Udhaifu wake ni kwamba mapato ya kukodisha faiba ni madogo kuliko ya kuuza huduma yenyewe, na Provo walizama wakiwa kwenye njia hii hii, kampuni zilizokodi zikiwa chache na dhaifu. Kwa mji wa ukubwa wa Stockholm inalipa. Kwa mji mdogo ningependa kuona mikataba ya kampuni mbili tatu imetiwa saini kabla ya kuchimba mtaro wa kwanza.

Basi ukipewa dakika zako tatu, usizimalize kwa kulalamikia kampuni ya kebo, kila mtu kikaoni ana bili kama yako. Uliza hati fungani zinalipwa kwa mapato ya mtandao peke yake, au mji umeweka kodi ya mauzo ama bili ya umeme kama dhamana. Wakisema ni mapato peke yake, mnunuzi wa hati amebeba sehemu ya hatari na riba itakuwa juu kidogo. Mimi ningeikubali riba hiyo. Wakisema kuna dhamana, waseme ni dola ngapi kwa nyumba kwa mwezi mambo yakiharibika, ile dola 5.35 yenu itakuwa ngapi. Uliza mradi unahitaji asilimia ngapi ya nyumba zijiunge ili ujilipe, na ifikapo mwaka wa ngapi. Wakikutajia asilimia 30 hadi 40 wakiwa na umeme wao, wana nafasi nzuri. Wakitaja asilimia 60 kwenye mji wenye mshindani aliye hai, mtu anawadanganya au anajidanganya. Omba hesabu za mtandao zichapishwe kila robo mwaka, yasije yakawakuta ya Burlington. Na omba wajenge mtaa kwa mtaa, kwa kuanzia na ile iliyojiandikisha kwa wingi, mradi mitaa ya wapangaji maskini iwe imepangiwa tarehe kwa maandishi.

Kama unaishi kwenye jengo la kupanga, kuna jambo jingine. Faiba ya mji inaweza kufika langoni ikaishia hapo, kwa sababu mwenye jengo ana makubaliano na kampuni ya kebo. Kanuni za FCC haziruhusu makubaliano ya kuwafungia wengine mlango kabisa, lakini kuna njia nyingi za kumchelewesha mgeni, kuanzia nyaya za ndani ya kuta hadi nani anaruhusiwa kutangaza kwenye korido. Mwulize mwenye jengo mapema, kwa barua pepe, ili jibu libaki kwenye maandishi.

Mwisho, baraza likipitisha mradi, kabla hata mtaro haujachimbwa utapigiwa simu au kubishiwa hodi na mtu wa kampuni ya kebo akiwa na bei ambayo hukuwahi kuisikia. Hiyo nayo ni faida ya mtandao wa mji, na huipata hata asiyejiunga nao. Ukipewa bei hiyo bila mkataba, ichukue siku hiyo hiyo. Akitaka utie saini ya miaka miwili, mwambie akuonyeshe adhabu ya kuvunja mkataba, na bei itakavyokuwa mwezi wa 13. Tangu 2024 kampuni kubwa zinalazimika kuonyesha jedwali la bei na ada zote kabla hujanunua, kwa hiyo hana kisingizio cha kutokuwa nalo. Hesabu za mradi wa mji hukadiriwa kwa idadi ya nyumba zilizo huru kujiunga siku faiba inapofika, na muuzaji huyo anaijua hesabu hiyo vizuri kuliko baadhi ya wajumbe wa baraza lenu.